Mguu wa Kurudia Nyumbani

Rugera, Karagwe
8 Machi 1987

Kwako mdogo wangu Leonidas,

Salamu kwanza. Hapa tupo. Mvua imenyesha siku tatu bila kupumzika, matope yamefika mlangoni. Mbuzi mweupe kazaa wawili, mmoja kafa. Mgongo unauma lakini haujanilaza. Wiki hii napalilia migomba ya Mwalimu Kaijage. Wiki ijayo sijui ya nani.

Anonciata kachumbiwa. Kijana ni wa mzee Kahigi wa Ndama. Walutheri, watu wa heshima. Watakuja kumchukua mwezi wa kumi na moja. Baba yake hayupo, kwa hiyo wewe mjomba ndiye utasimama mahali pake. Jiandae.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Unajua mimi na kalamu si marafiki. Kisomo cha watu wazima kilinipa herufi, hakikunipa mkono.

Alhamisi nilikwenda gulioni kuuza ndizi. Nikakuta watu wamezunguka gari lenye kipaza sauti. Mtu kasimama juu anachekesha. Anasema hivi: "Kulikuwa na kibarua anaitwa Telesi. Akaitwa kukanyaga ndizi za pombe. Akavua buti la kulia, akanawa mguu wa kulia. La kushoto hakuvua. Mwenye ndizi akamwuliza, Telesi, na huo mwingine? Telesi akajibu, huo ni wa kurudia nyumbani!"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, Leonidas. Nilimsikia mume wangu. Maneno yake yale yale, miaka minne sijayasikia.

Halafu yule mtu akaongeza. Kasema Telesi alichoka na mguu mmoja, akaingiza na ule mchafu. Watu wakanywa ile pombe ya ndizi, wakasema leo rubisi ina ladha ya mguu. "Angekuwa na sabuni ya Korongo, angenawa yote miwili!" Akainua mche wa sabuni juu. Watu wakaanguka kwa kicheko.

Mimi sikucheka tena.

Kokuberwa anayeuza maharage pembeni yangu akaniambia, "Mama Anonciata, si mzaha tu? Na wewe cheka." Nikamwambia, "Wako yuko hai. Akifa, nitakuja kumchekea."

Wewe unafanya kazi na magari huko Bukoba. Unasikia mambo. Nani kawapa watu hawa maneno ya Telesfori? Nijibu.

Dada yako,
Kampire


Bukoba
19 Aprili 1987

Dada yangu Kampire,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ijapokuwa ilizunguka, dereva aliisahau kwenye koti lake wiki mbili nzima. Pole na mgongo. Pole na mbuzi. Mimi sijambo, ila malaria ilinishika kabla ya Pasaka nikanywa klorokwini mpaka masikio yakalia kama nyuki. Mke wangu anakusalimu. Watoto wanauliza shangazi atakuja lini na senene, nikawaambia huu si mwezi wao.

Nimefurahi kuhusu Anonciata. Mzee Kahigi namfahamu kwa jina. Mjomba nipo!

Kuhusu ule mzaha, dada, usiumie kichwa. Mzaha ni kama mafua, nani anajua kaupata kwa nani? Watu wamekaa kilabuni, mmoja kasema, mwingine kaongeza chumvi. Hata hapa Bukoba wanausema, na Muleba pia nimeusikia. Shemeji sasa ni mtu maarufu! Angekuwa hai angetembea kifua mbele. Wewe mwenyewe unasema ulicheka. Sasa kosa liko wapi? Hata hilo jina la sabuni, nadhani ni watu wenyewe wamelitia kwa kuwa sabuni yenyewe imependwa. Watu wakipenda kitu hukitia kwenye mizaha.

Nakutumia katoni moja ya Korongo. Ni zawadi, usiniulize bei. Inatoa povu jingi hata kwa maji ya kisima.

Je, ile kahawa nyuma ya nyumba imechanua?

Mdogo wako,
Leonidas


Rugera
17 Mei 1987

Leonidas,

Marahaba. Sisi wazima. Kahawa ilichanua vizuri. Anonciata anashona mashuka. Katoni imefika. Sijaifungua. Iko juu ya dari, panya wanaikalia.

Umeniandikia mistari mingi na hukunijibu swali langu.

Sasa sikiliza. Mimi sijasoma lakini nina masikio. Palizi imenipeleka Kituntu, nikausikia mzaha kilabuni kwao. Nimekwenda Ndama kwa wakwe, nikausikia. Mtu katoka Nkwenda, kaja nao. Kote ni neno kwa neno. Buti la kulia, la kushoto, ladha ya mguu, Korongo. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Nikamwendea mzee Byabato. Wewe unajua, ndizi zile zilikuwa zake, na mtumbwi ule wa kukanyagia ulikuwa wake. Nikamwuliza, "Baba, mzaha huu wametoa wapi?" Kanijibu, "Mwanangu, mzaha ukija kwa miguu unafika na vumbi. Kila kilima kinauongezea chake na kuuibia chake. Huu umefika msafi. Huu umepanda gari."

Nikamwuliza tena, "Siku ile Telesfori alivua buti la mguu gani?" Kafikiri sana. Kasema, "Nakumbuka alivua moja. La mguu gani, hata ukinichapa sijui."

Yeye alikuwa mwenye ndizi na hajui. Walikuwepo wanaume watano pale, mmoja wewe. Nimewauliza waliobaki. Hakuna anayekumbuka. Kwa nini wakumbuke? Kwao ni mguu tu.

Anayejua kwamba buti lililobaki ni la kushoto ni mimi na wewe. Na unajua kwa nini tunajua.

Vile vile jua hili. Byabato anawaambia watu kwamba Telesfori hakuingiza ule mguu mwingine. Aliuacha nje ya mtumbwi mpaka mwisho. Wanamjibu, "Mzee, unaharibu hadithi."

Na wakwe wametuma mtu. Wanasema harusi ipo, lakini pombe watakuja nayo wenyewe kutoka Ndama. Sisi tusikanyage. Umeelewa? Watakuja kumchukua mtoto kwangu na hawatagusa kibuyu changu, kwa sababu ni nyumba ya ladha ya mguu. Anonciata alisikia. Hajalia mbele yangu. Amekwenda kuchota maji akakaa huko mpaka jua limeegemea.

Nakuuliza mara ya pili.

Kampire


Bukoba
30 Agosti 1987

Dada Kampire,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mwezi wa sita, nikaiacha. Mwezi wa saba nikaanza nyingine, nikaichana. Watoto hawajambo. Mke wangu hajambo. Baridi ya ziwa imeniingia kifuani lakini si neno.

Ni mimi.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunapakia lori, tumechoka, mtu kavua kiatu kimoja kutoa jiwe. Nikamkumbuka shemeji. Nikawasimulia wenzangu. Nilisema tu kwa kuwa nilimkumbuka, dada, na nilipomaliza macho yangu yalikuwa na machozi, wao wakadhani ni kicheko. Mzee Rwezaura, bosi, mwenye sabuni ya Korongo, alikuwa nyuma ya mlango. Kesho yake kaniita ofisini. Kasema, "Hebu rudia kile cha buti." Nikarudia. Kasema, "Tena, polepole," karani akaandika.

Ile ya ladha ya mguu si yangu. Wameiongeza wao.

Halafu wakachagua watu kumi wanaojua kusema. Wakawafundisha. Wakawatawanya kwenye vilabu na magulio, hadi mpakani Murongo. Gari la kipaza sauti ni la mwisho. Wale wa vilabuni walitangulia wiki mbili, wanakaa kama wanywaji wa kawaida, wanausema kama wameusikia njiani. Walikatazwa kusema wametumwa. Bosi alisema, "Mtu akijua anauziwa, kicheko kinamkauka mdomoni."

Lakini dada, nikuulize na mimi. Kicheko chenyewe si cha kweli? Hakuna aliyeshikiwa fimbo acheke. Mtu kachoka na jembe, kacheka, kaenda nyumbani mwepesi. Kama katika kucheka kanunua na sabuni, kapoteza nini? Shemeji mwenyewe alipowaambia maneno yale, hakuwa anawaficha? Alikuwa na donda ndugu ndani ya lile buti. Mimi ndiye niliyembeba baadaye kwenye baiskeli kwenda hospitali, harufu yake ninayo mpaka leo. Aliwachekesha ili wasione. Sasa yeye na Rwezaura tofauti yao nini?

Nakuomba kitu. Usiseme mambo haya huko. Ikijulikana nimetoa siri, kazi imekwisha, na nina watoto wanne. Na lile donda, wewe mwenyewe ulimwahidi hutalisema. Kubali tu pombe ya mzee Kahigi. Ni siku moja. Anonciata aolewe kwa amani.

Nimekuandikia kweli yote. Usinihukumu.

Leonidas


Rugera
20 Septemba 1987

Leonidas,

Salamu zako nimezipata. Mbuzi aliyebaki amekua. Kahawa tumeanika.

Umeniuliza tofauti. Nakupa.

Telesfori alikuwa fundi wa kukanyaga. Mwaka ule kazi zilikuwa chache. Angesema ninaumwa, wangemwita mwingine, na nyumbani tulikuwa hatuna kitu. Angenyamaza akaingiza miguu yote, usaha ungeingia kwenye pombe ya watu. Hakutaka hivi wala vile. Akanawa mmoja. Akakanyaga mikungu kumi na miwili kwa mguu mmoja, ameshika mti wa kibanda, ule wa donda kauacha nje ndani ya buti. Toka asubuhi mpaka jua la utosi. Alirudi anatetemeka kama mwenye homa. Aliwachekesha ili awalinde. Rwezaura anawachekesha ili awapate. Hiyo ndiyo tofauti. Kama huioni, mji umekutia ukungu.

Na neno jingine. Mnasema angekuwa na sabuni. Mwaka ule wa themanini na tatu, sabuni ilikuwa wapi? Mwambie bosi wako anionyeshe. Nilikwenda duka la kijiji mara saba. Tulifulia majani ya mpapai. Donda la mume wangu nililiosha kwa maji ya chumvi, na chumvi yenyewe niliomba kwa jirani. Kipande kimoja tu cha sabuni ningekipokea kwa magoti. Leo sabuni imerudi imejaa magari, na kazi yake ya kwanza ni kumwita mchafu.

Pombe ya Kahigi siikubali. Asiyeweza kunywa kibuyu cha Telesfori hamchukui binti wa Telesfori. Nimemtumia mtu kumwambia. Anonciata anajua. Nilimwuliza, "Ukikosa mume kwa ajili ya hili?" Kasema, "Mama, nitapalilia na wewe."

Wewe ni mjomba. Kukanyaga ndizi za harusi ni haki yako. Ndizi nitaziivisha, zitakuwa tayari Jumanne tarehe kumi mwezi wa kumi na moja. Njoo. Nawa miguu yako miwili mbele ya watu, ukanyage, na useme mwenyewe mzaha ulitoka wapi na ulitumwa na nani. Sikuombi zaidi.

Usipokuja, nitakanyaga mimi.

Kampire


Bukoba
1 Novemba 1987

Dada,

Shikamoo. Haraka haraka, dereva ananisubiri. Gari linakwenda Biharamulo juma hilo, nimepangiwa, siwezi kukataa. Kukanyaga mwombe Byabato atafute mwanamume. Wewe usifanye jambo la kuchekwa, kwetu mwanamke hakanyagi ndizi, unajua.

Nakutumia kitenge cha Anonciata. Usijali, mwezi ujao wanatoa mzaha mpya, wa mwenye ng'ombe na kioo. Huu wa shemeji watu watausahau.

Nisamehe.

L.


Rugera
22 Novemba 1987

Kwako Leonidas,

Sisi wazima. Senene wameanguka wengi mwaka huu, nimewakausha, nimeweka na fungu la watoto wako. Kitenge kimefika. Ni kizuri. Anonciata alikivaa.

Nakuandikia yaliyotokea, maana hukuwepo.

Jumanne ndizi zilikuwa zimeiva njano kabisa. Byabato aliniazima mtumbwi wake, ule ule. Watu walikuja wengi. Wengine walikuja kusaidia. Wengi walikuja kuona. Kahigi mwenyewe alikuja na ndugu zake watatu, kasimama kwenye kahawa, hajakaa. Nyuma yao kulikuwa na madumu mawili ya pombe yao. Nikayaona.

Byabato akauliza, "Mkanyagaji yuko wapi?"

Nikasema, "Huyu hapa."

Wanaume wakaguna. Mmoja kasema, "Mama, hiyo si kazi ya sketi." Nikamwambia, "Basi vua suruali yako uingie wewe." Hakuingia. Wanawake wakacheka, na kile kilikuwa kicheko chenyewe, hakikuletwa na gari.

Nilikuwa nimekuja na mabuti ya Telesfori. Makubwa kwangu, niliyajaza majani makavu. Nikakaa juu ya kinu. Nikavua la kulia. Nikanawa mguu kwa maji na majivu, nikasugua mpaka kisigino. Hapo watu wakaanza kunong'ona. Walishaona ninachofanya. La kushoto sikulivua. Nikaingiza mguu wa kulia kwenye mtumbwi, nikaanza.

Byabato ni mzee lakini ana akili ya haraka. Kasimama akapaza sauti, "Mama Anonciata! Na huo mwingine?"

Nikasema, "Huo ni wa kurudia nyumbani."

Wakacheka, Leonidas. Wote. Kahigi alijizuia akashindwa. Nikawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Wengine wakangoja niseme Korongo.

Sikusema. Niliendelea kukanyaga. Kukanyaga kwa mguu mmoja ni mateso, sikudanganyi. Mkungu wa pili tu nyonga inawaka. Mkungu wa nne nilikuwa nalia, siyo kwa huzuni, kwa maumivu. Mtu kasema, "Inatosha, tumeona." Nikasema, "Bado. Yeye alifika kumi na miwili."

Nikawaambia nikiwa ndani ya mtumbwi. Nikawaambia kwenye buti la kushoto kulikuwa na nini. Nikawaambia harufu. Nikawaambia kwa nini aliuacha nje na kwa nini aliwachekesha. Nikawaambia mwaka ule tulifulia nini, na wenye umri wakaitikia, wanajua. Nikawaambia kwamba wale wasema mizaha waliokaa vilabuni wamelipwa na mwenye sabuni, na kwamba ladha ya mguu imetungwa ofisini. Nimevunja ahadi niliyompa mume wangu. Nikifika aliko nitamwomba msamaha mwenyewe.

Jina lako sikulitaja. Watoto wanne niliwakumbuka. Lakini usinishukuru.

Kahigi akasogea mpaka kwenye mtumbwi. Akauliza, "Mikungu kumi na miwili kwa mguu mmoja?"

Nikasema, "Kumi na miwili."

"Na hakuna aliyeugua?"

Byabato akadakia, "Mimi nilikunywa vibuyu vitatu. Niangalie."

Nilikuwa nimefika wa tano. Sikuweza wa sita, mguu ulikataa, nikaanguka kwenye majani. Kijana wa Kahigi, bwana harusi mwenyewe, akavua viatu. "Mjomba hayupo," kasema, "nani atanizuia?" Kanawa miguu yote miwili kwa majivu yangu, akaingia akamaliza. Sijawahi kusikia bwana harusi akikanyaga ndizi za ukweni. Sasa nimesikia.

Siku ya harusi Kahigi alikaa kwenye kiti cha mbele. Nikamletea kibuyu na mrija. Akanywa mara moja, akanywa mara ya pili. Akasema kwa sauti, "Hii ni rubisi." Basi. Madumu yao yalirudi Ndama yamejaa.

Alhamisi iliyofuata gari lilikuja gulioni. Yule mtu akapanda juu, akaanza, "Kulikuwa na kibarua anaitwa Telesi." Alipofika kwenye "na huo mwingine?" Kokuberwa akapiga kelele kutoka kwenye maharage yake, "Una donda! Hataki kuwatilia usaha kwenye pombe!" Yule mtu akajaribu tena. Gulio zima likamjibu hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Alishuka akafunga mlango wa gari kwa nguvu. Mwambie bosi wako huku mguu huo umekwisha. Hata huo wa ng'ombe na kioo, wakija nao, tutauliza kwanza ng'ombe ni wa nani na nani kalipwa kumtaja.

Dereva anakuletea katoni yako. Mche mmoja umepungua. Niliufungua nikafulia koti la Telesfori, lile la kanisani, Anonciata alitaka litundikwe ukutani siku ya harusi. Umetoa povu kweli. Sabuni haina kosa.

Kukanyaga kwa harusi kumepita. Lakini ndizi zitaiva tena, na mtumbwi wa Byabato haujapasuka. Ukija, njoo mchana, watu wakuone. Maji yapo, majivu yapo.

Utanawa yote miwili.

Dada yako,
Kampire